Mwenyeji ni nani? Ushahidi wa viambishi katika Kiswahili cha Lubumbashi

1. Swali lenyewe

Mjini Lubumbashi, swali « wewe ni muntu wa wapi? » haliulizi mahali mtu anapolala. Linauliza kijiji cha babu. Mtu aliyezaliwa mjini, na ambaye baba yake pia alizaliwa mjini, anaweza kujibu kwa kutaja Mbujimayi, na anayeuliza akaridhika. Katika ofisi na katika siasa, Kifaransa kimetupatia jozi ya maneno ya kulifunga swali hilo: « originaire » na « non-originaire ». Kiswahili cha mjini kina jozi yake: bana ba inchi upande mmoja, bakuyakuya upande wa pili.

Mara nyingi lugha huitwa kuwa shahidi katika jambo hili. Watu husema kwamba mwenyeji hujulikana kwa usemi wake. Makala hii inamhoji shahidi huyo kwa njia ya isimu. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili cha Lubumbashi hakiwezi kumtenganisha mwenyeji na mgeni, kwa sababu wote wawili wamekijenga, tena kwa vifaa ambavyo wote wawili walikuwa navyo kabla ya kukutana. Kwa majina ya watu nafuata desturi ya kwetu: naandika Bayeke na Baluba, si Wayeke na Waluba.

2. Wageni waliotangulia

Historia ya wageni Katanga haianzi na reli. Katikati ya karne ya 19, Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, katika nchi ya Basumbwa ambayo leo iko Tanzania, akajenga utawala wake Bunkeya. Watu wake waliitwa Bayeke. Walifanya biashara ya pembe za ndovu, shaba na watumwa, na biashara hiyo iliwafikia hata Waswahili wa pwani. Msiri aliuawa mwaka 1891, wakati wajumbe wa Leopold II walipokuja kuichukua nchi.

Bayeke walikuwa wageni miongoni mwa Basanga, na walikuja kama watawala. Hata hivyo, leo hakuna anayewahesabu kuwa wageni. Wengi wao wamechukua Kisanga kama lugha ya nyumbani. Zaidi ya hayo, chama cha Conakat kilipoundwa mwaka 1958 ili kuwatetea wale walioitwa Bakatanga halisi, kiongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Mjukuu wa mgeni ndiye aliyesimama mbele ya wenyeji.

Sitaji jambo hili ili kumcheka mtu. Linatufundisha kwamba « mwenyeji » si jina la asili ya damu. Ni jina la muda uliopita pamoja na makubaliano ya watu. Bayeke walihitaji kama miaka mia moja, au pungufu yake.

3. Reli, kampuni na kambi

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi. Watu wa jirani hawakutosha kwa kazi hiyo, na wengi hawakuitaka. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1920, kampuni ilitafuta watu Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, njia ya Kasai ilifunguka zaidi. Wakati huohuo kampuni iliacha kumtumia mfanyakazi wa miezi michache, ikaanza kumtaka akae miaka, aje na mke, azae watoto kambini.

Katika kambi hizo Kiswahili hakikuwa lugha ya kijiji cha mtu yeyote. Si Basanga, si Balamba, si Baluba wa Kasai, si Banyarwanda waliokizungumza kwa mama zao. Utawala, kampuni na shule za mapadri Wabenedikto ndio waliokipa nafasi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza kwamba uchaguzi huo ulikuwa pia wa kisiasa: Wabelgiji walitaka Katanga iangalie kaskazini na mashariki ya koloni lao, isivutwe na Rhodesia ya Waingereza.

Lakini kuchagua jina la lugha si kuijenga lugha. Shule ilifundisha kitu kimoja, na watoto wa kambi walisema kitu kingine. Kitu hicho kingine ndicho tunachokiita leo Kiswahili cha Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav alikitumia kuandika historia ya mji kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu. Aliiandika bila kufuata sheria za shule, na hiyo ndiyo faida yake kwetu: tunasoma lugha ya mji ilivyosemwa.

4. Viambishi vinasema nini

Tuchukue alama tatu ambazo kila msikilizaji anazitambua: kiambishi cha watu wengi (ngeli ya 2), kiambishi cha vitu vingi (ngeli ya 8), na viambishi vya udogo.

Kiswahili bora: wa- (watu), vi- (vitu), udogo ki-/vi-
Kiswahili cha Lubumbashi: ba- (bantu), bi- (bintu), udogo ka-/tu- (kanyumba, tunyumba)
Kisanga: ba-, bi-, ka-/tu-
Kiluba cha Katanga: ba-, bi-, ka-/tu-
Ciluba cha Kasai: ba-, bi-, ka-/tu-
Cibemba: aba-, ifi-, aka-/utu-
Kinyarwanda: aba-, ibi-, aka-/utu-

Kwanza, tuangalie ba-. Lugha zote za orodha hii zinayo, isipokuwa Kiswahili bora. Hatuwezi kusema imeletwa na nani.

Pili, bi-. Hapa tunaweza kuiondoa Cibemba, kwa sababu yenyewe ina ifi-. Zinabaki Kisanga na Kiluba, ambazo ni lugha za wenyeji, na Ciluba na Kinyarwanda, ambazo ni lugha za waliokuja. Alama moja, pande mbili.

Tatu, ka-/tu-. Kiswahili cha pwani kilipoteza ngeli za 12 na 13, kikaipa ki- kazi mbili: kitu na kitoto. Mtu wa kambini, awe wa Bunkeya au wa Mbujimayi, alikuwa na ngeli ya udogo tayari kinywani mwake. Hakuwa na sababu ya kuiacha.

Wataalamu wa lugha za mchanganyiko wanajua kanuni hii: watu wa lugha nyingi wanapokutana, alama inayotambuliwa na wengi hupata nguvu, na alama ya peke yake hudhoofika. Kambini, wa- na vi- ndizo zilizokuwa peke yake. Tena, viambishi *ba-, *bi- na *ka-/*tu- ndivyo ambavyo wanaisimu wanavirudisha kwenye Kibantu cha kale. Kwa kipimo cha ukale, bantu ni umbo la zamani kuliko watu. Mwalimu anayeandika kwa wino mwekundu juu ya bantu ana haki ya kufundisha Kiswahili bora, lakini hana haki ya kusema kwamba umbo hilo ni uharibifu.

Msomaji anaweza kupinga: viambishi ni vya wote, lakini je, matamshi? Hoja hii ina nguvu. Mtu aliyefika karibuni kutoka Kasai husikika. Kwa mfano, akisema kudima badala ya kulima, sikio la mjini linaweza kumpeleka Mbujimayi mara moja. Lakini Kiluba cha Katanga nacho kinasema kudima. Msemaji huyo anaweza kuwa ametoka Malemba-Nkulu, mwana wa inchi kabisa kwa hesabu ya wanasiasa. Si ajabu: Guthrie aliweka Ciluba, Kiluba na Kisanga pamoja katika kundi la L30. Mpaka kati ya Kasai na Katanga uko kwenye ramani ya utawala. Katika ramani ya lugha, undugu umepita chini yake.

Na cheo cha Cibemba ni cha kuchekesha zaidi. Ni lugha ya upande huu na upande ule wa mpaka wa Zambia, na pia ilikuja na wafanyakazi wa kwanza wa Rhodesia. Neno la Cibemba katika Kiswahili cha mji, je, ni la mwenyeji au la mgeni? Neno hutuambia safari yake lenyewe. Halituambii safari ya mtu anayelitamka.

5. Bakuyakuya na bilulu

Kama sarufi haiwezi kuwatenganisha watu, maneno yaliyotungwa kwa kazi hiyo yanaweza. Bakuyakuya limejengwa kwa kitenzi kuya (kuja) kilichorudiwa, na ba- mbele yake: wale wa kuja-kuja. Lina dharau, kwa maana linamfanya mtu awe anafika tu kila siku, hata akiwa amezaliwa hapa. Lakini bado lina ba-. Mgeni huyo ni muntu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mikutano ya siasa ya jimbo lililokuwa bado linaitwa Shaba, neno lingine lilisikika juu ya watu wa Kasai: bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu lazima awe mwangalifu hapa. Kiambishi bi- chenyewe si tusi. Vijana na viongozi nao wako katika ngeli ya 8. Tusi liko katika kitu kinachotajwa. Mgeni unaweza kumwuliza atarudi lini kwao. Mdudu haulizwi kitu: anafukuzwa au anauawa. Mwaka 1992 na 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walifukuzwa katika nyumba zao Likasi na Kolwezi, wakakaa kwenye stesheni kungoja treni za kwenda Kasai. Wengi walikufa kwenye stesheni na njiani. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuiona Kasai, na ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili hikihiki cha Katanga.

Wafukuzaji na wafukuzwaji walisema bantu, bintu, tunyumba kwa namna moja.

6. Kwa utafiti wetu

Mambo matatu yanafuata kwa sisi wanafunzi tunaotayarisha kazi za mwisho wa masomo.

La kwanza, katika karatasi za maswali tunaandika « kabila » kisha tunalitumia kueleza usemi wa mtu. Tuulize badala yake: ulikulia kambi gani au komuni gani? Mama alisema lugha gani nyumbani? Ulianza Kiswahili ukiwa na miaka mingapi? Majibu hayo yanaeleza usemi kuliko jina la kijiji cha babu.

La pili, tusitaje asili ya umbo kabla ya kulinganisha lugha zote zilizokuwapo kambini, za wenyeji na za waliokuja. Umbo likipatikana pande zote mbili, tuandike hivyo.

La tatu, maneno kama bakuyakuya na bilulu yaingie katika kamusi zetu, yakiwa na maana zake zote na miaka yake. Tukiyaacha nje kwa aibu, atakayeyasikia tena jukwaani hatajua yalikwisha kufanya kazi gani.