Paa la Turubai na Madirisha ya Gari: Tundu Lipi Lizibwe, Lipi Liachwe?

Mwanafunzi wa Bariadi, Maswa au Meatu aliyewahi kusimama kando ya barabara ya changarawe wakati wa kiangazi amekwisha kuliona jambo ambalo makala haya yanakusudia kulieleza. Basi linapopita, kioo chake cha mbele huwa na vumbi kidogo tu, lakini kioo cha nyuma kimefunikwa kabisa, hata watoto huandika majina yao juu yake kwa kidole. Gari linakwenda mbele, na vumbi limeachwa nyuma. Inakuwaje basi vumbi hilo lilifuate gari na kulishika mgongoni?

Swali hili ni la maana zaidi kwa mwenye gari la paa la kukunjwa au la kufunguliwa. Mkoa wa Simiyu, uliotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012 na kufanya makao yake makuu Bariadi, umepakana na Hifadhi ya Serengeti, na magari ya watalii yenye paa la kufunguka hupita Lamadi kuelekea lango la Ndabaka. Mababu wa magari hayo ni Land Rover, ambazo zilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948, zikiwa na paa la turubai. Yako pia magari madogo ya anasa ambayo paa lake lote hukunjwa nyuma, ingawa hayo ni nadra kuonekana kwetu. Yawe ya kazi au ya anasa, malalamiko ya wenye magari hayo hufanana: gari ni jipya, lakini vumbi linaingia, mvua inadondoka magotini, paa linavimba kama puto, na kioo cha dirisha kinakataa kufunga.

Mwenye gari aliyekasirika hununua silikoni akaziba kila tundu analoliona. Hapo ndipo hasara huanza. Yapo matundu yaliyotobolewa kwa makusudi na waliolitengeneza gari, na kuyaziba ni kuliua gari polepole. Yapo mengine ambayo kuyaacha wazi ni kuhatarisha maisha ya abiria. Kuyatofautisha si kazi ngumu kwa mtu anayejua kanieneo.

Hewa haivuti, husukuma

Kanieneo ni kani inayokandamiza kila mita moja ya mraba. Hewa hutukandamiza pande zote sawasawa, na kwa sababu hiyo hatuihisi. Gari linapokwenda, usawa huo huvunjika. Hewa inayopigwa na sehemu ya mbele ya gari hubanwa, na kanieneo yake huongezeka. Hewa inayopanda kioo cha mbele na kupita juu ya paa hulazimika kwenda kasi zaidi. Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738 kwamba pale ambapo mwendo wa maji huongezeka, kanieneo yake hupungua. Kanuni hiyo hufaa pia kwa hewa inayopita juu ya gari.

Tufanye hesabu. Kanieneo itokanayo na mwendo wa hewa ni nusu ya msongamano wa hewa, mara mwendokasi, mara mwendokasi tena. Bariadi iko juu zaidi ya Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Tuchukue kilo 1.05 kwa mita ya ujazo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa huenda mita 22.2 kwa sekunde. Jibu ni newtoni 259 hivi kwa mita ya mraba. Upungufu wa kanieneo juu ya paa hutegemea umbo la gari. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme ni nusu ya kiasi hicho, yaani newtoni 130. Paa la mita 1.5 za mraba litasukumwa juu kwa kani ya newtoni 195, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 20. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kani hiyo hushuka hadi robo yake, yaani kilo 5 tu.

Angalia neno tulilolitumia: paa linasukumwa. Wanafunzi wengi huandika kwamba hewa ya nje inalivuta turubai. Hewa haina mikono ya kuvuta. Ni hewa iliyo ndani ya gari, ambayo kanieneo yake sasa ni kubwa kuliko ile iliyo juu ya paa, inayolisukuma turubai kutoka ndani. Kwa hiyo paa jipya linalovimba kidogo katika mwendo mkubwa si bovu. Likianza kupigapiga, hapo kamba au vifungo vyake vikazwe, kwa maana kupigapiga hukata nyuzi za mishono.

Vumbi ni shahidi

Twende sasa nyuma ya gari. Hewa iliyopita juu ya paa na pembeni haiwezi kukata kona kali mwishoni mwa gari. Huachana na bodi na kujizungusha katika nafasi iliyoachwa. Kanieneo ya hapo ni ndogo, na hewa ya kando na ya chini hukimbilia kuijaza, ikiwa imebeba vumbi lililotimuliwa na magurudumu. Vumbi laini halina haraka ya kushuka: chembe ya udongo yenye kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita hushuka chini ya sentimita moja kwa sekunde. Huwa na wakati wa kutosha kuzungushwa na kubandikwa kwenye kioo. Hilo ndilo jibu la swali letu la basi.

Dereva akifungua dirisha la pembeni, jambo lingine hutokea. Hewa inayopita kasi pembeni ina kanieneo ndogo kuliko hata ile ya nyuma ya gari. Hewa ya ndani husukumwa nje kupitia dirisha hilo, na nafasi yake huchukuliwa na hewa inayopenya pazia la nyuma la turubai, au raba iliyolegea ya mlango wa nyuma. Abiria hushangaa: upepo unatoka dirishani, vumbi linatoka mgongoni.

Vumbi peke yake lingekuwa kero tu. Lakini bomba la moshi liko pale pale nyuma, na njia inayoingiza vumbi huingiza pia moshi wa injini. Ndani ya moshi huo imo gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria wa nyuma huanza kuumwa kichwa, husikia kichefuchefu, kisha husinzia, na wenzake hudhani ni uchovu wa safari. Vumbi tunaliona, gesi hatuioni. Basi vumbi jembamba lililotanda kwenye kiti cha nyuma lichukuliwe kuwa ni shahidi aliyekuja kutuarifu kwamba mlango upo wazi. Kusafiri na pazia la nyuma limekunjwa juu huku pande nyingine zimefungwa ni hatari, hata kama gari ni jipya. Raba ya nyuma iliyolegea na ufa wa sakafu juu ya bomba la moshi vizibwe bila kuchelewa.

Dawa ya pili huwashangaza madereva wengi, nayo ni kuingiza hewa zaidi, lakini kutoka mbele. Land Rover za zamani zilikuwa na vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo kanieneo ni kubwa. Vikifunguliwa, hewa ya ndani huzidi ile ya nje, na kila mwanya wa nyuma hutoa hewa badala ya kuiingiza. Katika magari ya sasa kazi hiyo hufanywa na feni iliyowekwa kuleta hewa ya nje. Dereva anayefunga kila kitu na kuzungusha hewa ile ile ya ndani huliachia vumbi njia ya nyuma. Ukiwa umefuata lori ndani ya wingu lake, bila shaka feni nayo italeta vumbi. Hapo hakuna fizikia ya kukuokoa, achana na lori kwa umbali mkubwa.

Maji yana njia yake

Kioo cha mlango huteremka kati ya midomo miwili ya raba. Midomo hiyo hupangusa maji, haiyazuii yote. Waliobuni mlango walijua hivyo, wakaruhusu maji yashuke ndani ya mlango, wakaweka karatasi ya plastiki kuwakinga abiria, na wakatoboa matundu sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Paa la kukunjwa katika magari ya sasa lina mpango kama huo: mifereji kuzunguka ukingo wake, na mipira myembamba inayoteremsha maji kwenye pembe hadi chini ya gari.

Adui wa matundu haya kwetu ni udongo wa mbuga, ule mweusi wenye mfinyanzi mwingi, ambao huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukichanganyika na majani makavu hufanya kizibo kigumu. Mwenye gari akiongeza silikoni juu yake, mambo huwa yamekwisha. Mwandishi wa makala haya alipata kufungua mlango wa gari moja akasikia maji yakicheza ndani kama mtungi. Yalipotolewa yalitosha kufulia nguo. Bati la mlango kama huo hushika kutu kutoka ndani, na rangi ya nje huja kutoa habari wakati bati limekwisha kuliwa. Matundu haya yasafishwe kila mwaka kabla ya mvua. Mipira ya pembeni ipitishwe uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, si waya wa chuma, kwa maana waya hutoboa mpira na maji huishia chini ya zulia.

Turubai lenyewe linastahili maelezo marefu kidogo, hasa katika mkoa huu wa pamba. Uzi wa pamba hunywa maji na kunenepa. Turubai la pamba linaponyeshewa, nyuzi zake huvimba na kubana vinafasi vilivyo kati yao, hivyo kitambaa hujiziba chenyewe. Turubai jipya bado halijapata nafasi hiyo, na matundu ya sindano kwenye mishono yake bado ni mapana. Ndiyo sababu paa jipya la pamba hudondosha matone katika mvua za kwanza. Silikoni haihitajiki. Lilowanishwe kwa maji safi na kuachwa likauke, mara mbili au tatu, na mara nyingi matone hukoma. Lisifuliwe kwa sabuni kali, kwa kuwa sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji na kuyawezesha kupenya. Wala lisikunjwe likiwa bichi, kwa maana kuvu hula selulosi.

Si kila paa ni la pamba. Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza mwaka 1823 ya kuweka utando wa mpira kati ya vitambaa viwili, na mapaa mengi ya kukunjwa ya siku hizi hufuata wazo hilo. Paa la namna hiyo likivuja katikati limetoboka, na kulilowanisha hakutasaidia.

Kioo kinachokataa kufunga

Katika magari mengi mapya kioo cha umeme hupanda, kikafika karibu na juu, kisha kikateremka chenyewe. Mwenye gari husema kompyuta imeharibika. Mara nyingi kompyuta inafanya kazi yake vizuri: imesikia ukinzani, ikadhani ni kidole cha mtoto, ikarudisha kioo. Ukinzani huo ni vumbi lililogandamana ndani ya mfereji wa kioo. Mfereji usafishwe kwa kitambaa chenye maji, ukaushwe, kisha upakwe grisi ya silikoni kidogo. Oili ya injini isitumike, kwani huvimbisha raba.

Magari ya paa la kukunjwa aghalabu hayana fremu juu ya kioo cha mlango. Kioo hushuka kidogo unapofungua mlango, na hupanda kuingia ndani ya raba unapoufunga. Betri ikitolewa, mashine ya kioo huweza kusahau mwisho wa safari yake, na kioo kikabaki chini ya raba milimita chache, mwanya wa kutosha kuingiza mvua. Katika magari mengi hufundishwa upya kwa kupandisha kioo hadi mwisho na kuendelea kubonyeza swichi kwa sekunde chache. Kitabu cha gari kisomwe kabla ya kwenda gereji.

Majaribio

Raba. Fungia kipande cha karatasi kwenye mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukinza, raba haikamati hapo. Zunguka mlango wote na kuweka alama za chaki.

Maji. Mwanafunzi mmoja akae ndani, mwingine amwage maji taratibu akianzia chini na kupanda juu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Mwaga kikombe kimoja kwenye kioo cha mlango, kisha tazama chini ya mlango. Maji yasipotoka, tundu limeziba.

Kanieneo. Pinda mrija wa dripu kama herufi U, utie maji ya rangi, na upulize kwa nguvu juu ya mdomo mmoja, sambamba nao. Tazama maji yanapanda upande upi.

Maswali

1. Tofauti ya milimita 1 ya maji katika mrija huo ni newtoni 9.8 kwa mita ya mraba. Kanieneo ya newtoni 130 ingeonyesha tofauti ya milimita ngapi?

2. Gari lina pazia la nyuma lililofungwa vizuri, lakini vumbi laini linaonekana sakafuni karibu na viti vya nyuma. Chora picha ya gari, uonyeshe sehemu za kanieneo kubwa na ndogo, na utaje mahali utakapopachunguza kwanza.

3. Fundi anashauri matundu ya chini ya mlango yazibwe ili vumbi lisiingie. Mjibu kwa barua fupi.