Mkeka Ulioachwa Nusu

Katika nyumba nyingi kuna kazi iliyoachwa njiani. Pengine ni mkeka. Ukili wake umekunjwa na kuwekwa darini. Pengine ni kinyago chenye kichwa lakini bado hakina miguu. Pengine ni utenzi ulioishia ubeti wa kumi. Mwenye kazi akiulizwa hujibu, "Fedha sina," au, "Mgongo unaniuma." Majibu hayo ni ya kweli. Mtu huyo si mvivu. Lakini je, lazima kazi ife kabisa?

Tuanze na shida ya fedha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakusomea uchoraji shuleni. Hakuwa na fedha za kununua vifaa vya wachoraji wakubwa. Basi alitumia mbao nyembamba za kufunikia dari, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Alichora wanyama, ndege na watu. Picha zake aliziuza Oysterbay, kando ya barabara.

Angalia jambo hili kwa makini. Picha zile zinang'aa, na watu wanazipenda kwa sababu zinang'aa. Mng'ao huo umetokana na rangi ya baiskeli! Kama Tingatinga angengoja mpaka apate vifaa vya ghali, huenda tusingeziona picha za namna hii. Alichora kwa miaka michache tu, maana alifariki mwaka 1972. Lakini wanafunzi wake waliendelea. Hata leo picha za namna hiyo huitwa tingatinga.

Sasa tutazame shida ya mwili. Zamani, katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, aliishi mama mmoja aliyeitwa Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mjane. Mnamo mwaka 1858 alikuwa ameugua kwa muda wa mwaka mzima. Hata hivyo alitaka kumwachia binti yake maneno ya kumwongoza. Akamwita akae karibu, na wino na karatasi. Hivyo alitunga utenzi wenye beti zaidi ya mia moja. Baadaye alifariki. Utenzi wake bado unasomwa. Kila ubeti una mistari minne mifupi tu. Mgonjwa anaweza kutunga ubeti mmoja, akapumzika, kisha akatunga mwingine.

Turudi kwenye mkeka wako. Wewe msusi unajua kwamba mkeka hausukwi wote kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, ambao ni mwembamba na mrefu. Baadaye ukili huo hushonwa ukawa mkeka. Kwa hiyo kazi hii inaweza kugawanywa. Siku mikono ina nguvu, suka pima moja. Siku ya maumivu suka shibiri moja, au chana ukindu tu. Ukindu uliokauka vizuri hauozi upesi. Utakungoja. Siku ukirudi, ulowanishe kidogo ili ulainike.

Kazi nzito ni kwenda bondeni kukata majani machanga ya mkindu na kuyabeba. Kama mgongo wako ni mbovu, usiende. Tafuta mwenzako mwenye nguvu. Yeye akate, wewe usuke. Lakini patana naye kwanza juu ya mgawo wa fedha, tena mbele ya mtu wa tatu. Ugomvi juu ya mgawo unaweza kuvunja ushirika.

Je, fedha ya rangi haipo? Suka mkeka mweupe. Penye wanunuzi unaweza pia kuuza ukili wenyewe kwa pima, bila kungoja mkeka uishe. Lakini usichukue fedha ya dawa au ya unga ukanunulia rangi. Na kama vidole vinavimba au vinakufa ganzi, acha kusuka, nenda zahanati.

Jambo moja zaidi. Uondoe ukili darini. Utundike karibu na kitanda, mahali unapouona kila asubuhi. Ukiona umeongezeka shibiri nne tangu juma lililopita, hutahitaji mtu wa kukuambia usikate tamaa.

Zungumzeni darasani: Kwa nini Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli? Nani alimsaidia Mwana Kupona? Katika kijiji chenu, ni nani ana ujuzi wa mikono lakini hana nguvu ya kutafuta vifaa, na nani angeweza kushirikiana naye? Kisha andika sentensi tatu katika daftari lako. Ya kwanza itaje kazi uliyoiacha. Ya pili iseme kilichoizuia. Ya tatu itaje kipande kidogo utakachofanya kabla ya siku ya somo lijalo.