NAMBA 1,266,860 NA MTOTO WETU

Najua wengi wenu mkiona tarakimu mnafunua ukurasa mwingine. Hebu ngojeni kidogo, hesabu hii ni ya kwetu.

Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilipatikana na watu 1,266,860. Isome: milioni moja, mia mbili sitini na sita elfu, mia nane na sitini. Inaishia na 0, kwa hivyo inagawanyika kwa 2, 5 na 10. Tarakimu mbili za mwisho ni 60, na 60 inagawanyika kwa 4, basi namba nzima vile vile. Kwa 3 inakataa, kwa sababu ukijumlisha tarakimu zake zote unapata 29.

Sasa 7, ambayo wengi huiogopa. Kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha uitoe kwa zilizobaki. Rudia hivyo hivyo. 126,686 toa 0 ni 126,686. 12,668 toa 12 ni 12,656. 1,265 toa 12 ni 1,253. 125 toa 6 ni 119. Na 119 ni 7 mara 17. Imekubali!

Kwa hivyo 1,266,860 ni 2 × 2 × 5 × 7 × 9,049. Hiyo 9,049 ilinikosesha usingizi. Niliijaribu kwa namba tasa zote 24, kutoka 2 hadi 89, ikakataa. Kuendelea hakuna haja, maana namba tasa inayofuata ni 97, na 97 mara 97 ni 9,409, imeshapita. Basi 9,049 nayo ni tasa.

Namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 7 hugawanyika kwa 14. Si mnajua matatu ya abiria 14? Watu wote wa Kisii wangejaza matatu 90,490, bila kiti wala mtu kubaki. (Kwa makanga ninaowajua mimi, hata nusu zingetosha.) Wenzetu wa Nyamira walikuwa 605,576. Wangejaza 43,255, na watu 6 wabaki kituoni.

Lakini namba hii naishika kwa sababu nyingine. Dada yangu mdogo alizaliwa nyumbani saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Mchana karani wa sensa akaja, akatuandika sote, hata nyanya aliyekuwa amelala. Kufika kwa mtoto akasita. Mama akamwuliza, "Kijana wangu, kwani huyu si mtu?"

"Ni mtu, mama, lakini tunahesabu waliokuwako saa sita usiku. Yeye amechelewa saa tatu."

Siku hiyo karani hakupewa chai.

Hebu mwongeze uone. 1,266,861 inaishia na 1, kwa hivyo 2, 4, 5 na 10 zimetoroka. 7 pia imetoroka, na kituoni amebaki abiria mmoja, tena mchanga. Lakini jumla ya tarakimu sasa ni 30, na ile 3 iliyokataa imekubali: 3 mara 422,287.

Niliiandika 1,266,861 kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Mama akaniuliza ni simu ya nani. Nilipomweleza, akasema nisiifute.