Ukifika Nairobi utalala wapi? Angalia hewa na maji kabla ya bei



Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huliacha la mwisho tunapopanga safari, nalo ni mahali pa kulala. Mtu atatafuta nauli mwezi mzima, ataulizia saa ya basi na kufunga mzigo wa zawadi. Ukimuuliza atalala wapi, anakujibu, "Nitajua hukohuko." Kwa mji kama Nairobi jibu hilo lina hatari zake kiafya, na moja kati ya hatari hizo huua watu wakiwa usingizini.

Tunachukua mfano wa Nairobi kwa sababu ni mji mkuu wa Kenya na watu wetu huuendea sana. Wapo wanaotoka Arusha, Moshi na Tanga kwenda kununua bidhaa Eastleigh. Wapo wanaotoka Mombasa, Kwale na Lamu kupeleka mgonjwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mtu mwenye mgonjwa huwa na mawazo mengi na fedha kidogo, na hapo ndipo hukubali chumba chochote anachoonyeshwa.

BARIDI NA JIKO LA MKAA

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la usiku hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na siku nyingine chini ya hapo. Mtu aliyezoea joto la pwani huona baridi hiyo ni mateso. Basi hufunga madirisha yote, huziba upenyo wa mlango kwa nguo, kisha huingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo kabisa. Mkaa unapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Watu wengi hudhani hatari ni moshi, hivyo husubiri mkaa ukolee na kuwa mwekundu ndipo waingize jiko ndani. Huko ni kujidanganya, kwani mkaa usiotoa moshi bado unatoa gesi hiyo.

Ukiivuta, huingia kwenye damu na kushika mahali ambapo oksijeni ingeshika, tena huganda hapo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Matokeo yake ubongo na moyo hukosa oksijeni ingawa mtu bado anapumua. Aliyelala huzidiwa na usingizi asiamke tena. Wengine huamka, lakini miguu inakuwa haina nguvu ya kuwafikisha mlangoni. Mama mjamzito, kichanga kilichomo tumboni, watoto wadogo na wenye ugonjwa wa moyo ndio huathirika zaidi. Kuacha upenyo mdogo wa dirisha si kinga ya uhakika. Vivyo hivyo jenereta likiwashwa kwenye korido au chini ya dirisha wakati umeme umekatika, linatoa gesi hiyohiyo.

Dini yetu ilitutahadharisha juu ya moto wa usiku. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa (r.a.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, nyumba moja mjini Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo ndani. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Leo tunafahamu kwamba moto wa chumbani unaweza kuua hata kama haukuunguza kitu.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Kwa mtu aliyetoka pwani ni rahisi kusema "hii ni malaria" na kumeza dawa. Angalieni alama hizi: zaidi ya mtu mmoja ndani ya chumba wanaumwa kwa wakati mmoja, hawana homa, na wakitoka nje wanapata nafuu. Mkiona hivyo, shukuni gesi kwanza.

Fungua mlango na madirisha, toa watu nje haraka, kisha toa jiko. Ukimkuta mtu amezimia ndani, hakikisha hewa inapita kabla hujaingia, usije ukawa wa pili kuanguka. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu anahitaji kupewa oksijeni na kuchunguzwa. Kumpa maziwa au kummwagia maji hakuiondoi gesi hiyo kwenye damu.

MAMBO MATANO KABLA YA KULIPA

Usilipe gesti kwa kuonyeshwa kitanda tu. Omba uingie chumbani, na uangalie haya:

1. Dirisha. Lifungue kwa mkono wako. Je, linafunguka, na linatazama nje au linatazama korido? Chumba kisicho na hewa, hasa cha vitanda vingi mnacholala na watu msiojuana, hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu na mafua. Chumba kidogo chenye dirisha zuri ni bora kuliko kipana kilichozibwa.

2. Maji. Sehemu nyingi za Nairobi hupata maji kwa mgao, hivyo majengo huweka akiba kwenye matangi au hununua ya magari. Uliza maji yanatoka siku gani na tangi lina mfuniko. Usidanganywe na ukubwa wa hoteli: mwaka 2017 watu waliohudhuria mkutano katika hoteli moja jijini humo waliugua kipindupindu. Maji ya tangi unayoyaona masafi utayatawadhia, lakini jicho halioni vimelea. Kwa hiyo ya kunywa yawe yaliyochemka hasa au ya chupa ambayo hukuikuta imefunguliwa. Unaposukutua, yateme yote. Watoto, ambao humeza, watengee maji yaliyochemshwa.

3. Choo. Kama ni cha kushirikiana, hesabu vyumba vinavyokitumia. Angalia kama kuna maji ya kustanjia, kopo safi na mahali pa kunawa kwa sabuni. Tembea na sabuni yako mwenyewe, kwani nyumba nyingi haziweki.

4. Kitanda. Funua shuka utazame mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Vidoadoa vyeusi na maganda madogo ni alama ya kunguni. Haijathibitishwa kuwa kunguni huambukiza maradhi, lakini watakunyima usingizi na utawabeba hadi nyumbani. Ulizia pia blanketi la pili, maana hilo ndilo litakalokuondolea haja ya jiko.

5. Umbali na ngazi. Hospitali ya Kenyatta iko upande wa Upper Hill, na Eastleigh iko mashariki ya katikati ya jiji. Anayelala Eastleigh kwa ajili ya urahisi wa bei hulazimika kuvuka jiji na foleni zake kila siku ya kliniki. Jumlisha nauli ya mgonjwa na msindikizaji ndipo ujue bei halisi ya chumba. Majengo mengi yana ghorofa kadhaa bila lifti. Mgonjwa wa moyo, wa pumu au aliyetoka kufanyiwa upasuaji mtafutie chumba cha chini, hata kama kitazidi bei kidogo.

Kuhusu malaria, maambukizi ndani ya Nairobi ni machache kwa sababu ya baridi. Hata hivyo, mbu aliyekuuma nyumbani kabla ya safari anaweza kukuletea homa wiki moja, mbili au zaidi baada ya kufika. Ukipata homa nenda kapime, na mweleze tabibu ulikotoka.

UKIFIKIA KWA NDUGU

Wengi wetu hatulali gesti. Tunafikia kwa jamaa. Huko ni kuunga udugu, na ni jambo jema. Lakini Nairobi familia nyingi huishi katika chumba kimoja ambacho ndicho jikoni, sebule na chumba cha kulala. Mwenyeji akikuona unatetemeka, kwa ukarimu wake atakuletea jiko miguuni. Hapo wengi hunyamaza kwa kuona haya.

Usione haya, bali sema kwa adabu: "Shemeji, nakushukuru sana. Jiko tulitoe nje, mimi nitosheleze kwa shuka jingine." Ukiweza, toka nyumbani na blanketi, soksi na sweta, ili usimpe mwenyeji mzigo wa kukutafutia joto. Wanaopika ndani wapike mlango ukiwa wazi, na jiko litoke nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Likirudi ndani, liwe limezimwa kwa maji na kupoa kabisa. Pia changia mkaa, maji na chakula, kwani siku za kliniki zinaweza kuongezeka na haki ya mgeni isigeuke kuwa dhiki kwa mwenyeji.

Ndugu msomaji, kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Umetoka kwako kwa ajili ya kumtibu mzazi au kutafuta riziki ya halali. Usiache uhai wako chumbani kwa kukwepa baridi ya usiku mmoja. Kabla hujakata tiketi, mpigie simu mwenyeji wako au mwenye gesti umuulize maswali matatu: dirisha linafunguka? Maji yapo? Blanketi la pili lipo? Asiyekuwa na jibu, tafuta kwingine.

Wabillahi tawfiq.