KUCHORA MTU ALIYE MBELE YAKO

Mwaka huu nimeonelea niwaletee somo la kuchora umbo la mtu. Si kutoka picha ya gazeti, bali mtu mwenyewe amekaa mbele yako. Wengi husema kuchora ni kipawa. Mimi nasema kwanza ni kutazama.

Niliyemchora ni ami yangu, fundi wa kushona hapa Likoni, akiwa kwenye cherehani yake barazani.

Kwanza, shika mkao. Kwa dakika 2 chora mistari michache tu: mgongo umeinama vipi, kichwa kimeelekea wapi. Macho na vifungo vya shati vingoje.

Pili, pima. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, shika penseli wima, ulinganishe. Mtu mzima akisimama, urefu wake ni kama vichwa saba na nusu. Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa kwa mwili. Ukimchora kwa kipimo cha mkubwa atatoka mzee mfupi! Macho nayo, hayako juu karibu na nywele kama tudhaniavyo. Yako katikati, baina ya utosi na kidevu.

Tatu, tumia timazi kama mwashi. Funga kijiwe kwa uzi, kining'inize mbele ya jicho, uone kipi kimepinda. Uzi huo ndio ulionionyesha kuwa bega la kulia la ami limeshuka kuliko la kushoto. Alipoiona picha aliuliza, "Kwani niko hivi?" Shangazi akacheka, "Ndivyo ulivyo, ni hiyo cherehani." Twamwamkia kila siku, lakini bega lile hakuna aliyekuwa amelisema.

Nne, soma nguo. Leso au kanzu haifichi mwili wote, manake mikunjo huanzia begani, kiwikoni au gotini.

Kazi hii ina historia kwetu. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, aliagizwa na serikali ya kikoloni mwaka 1949 achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Kitabu chake cha picha hizo kilitoka mwaka 1967, na mengi ya mavazi yale leo hayavaliwi ila kwenye sherehe. Basi na sisi tuchore watu wetu tungali nao: mvuvi, mama wa mahamri, hamali.

Lakini adabu itangulie. Mtu si mtungi. Omba ruhusa, na akikataa mshukuru uende zako. Kila robo saa mpumzishe anyooshe miguu, na ukimaliza mwonyeshe kazi yako.

Usipopata wa kukukalia, nenda kwenye foleni ya feri uangalie tu. Aliyechoka husimama kwa mguu mmoja: nyonga ya upande huo imepanda, bega lake limeshuka. Ukishaliona hilo, penseli itafuata yenyewe.

Nawatakia mazoezi mema.