Kifo cha Mzazi Kisipite Bila Kuulizwa

Somo la vikundi vya akina mama na akina baba



Mama akifa katika uzazi, au mtoto mchanga akifa, mara nyingi husikika maneno ya namna mbili tu. La kwanza: "Ni kazi ya Mungu." La pili ni lawama: mkunga mzembe, au mume alichelewa kutafuta gari. Matanga yakiisha, maneno nayo huisha, na mwaka unaofuata mama mwingine hufa kwa njia ile ile. Mwezi huu tutazame jinsi majimbo ya Marekani yalivyotunga sheria ili vifo vya namna hii vichunguzwe.

1. Mwanzo wa kazi hii

Walioanza ni madaktari wenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wa tiba wa jiji la New York walitoa taarifa juu ya vifo vya wazazi zaidi ya 2,000 vilivyotokea kati ya 1930 na 1932. Waliona kwamba karibu theluthi mbili ya vifo hivyo vingaliweza kuzuiwa.

Kwa upande wa watoto, mwaka 1978 huko Los Angeles madaktari, polisi na maofisa wa ustawi wa watoto walianza kukaa meza moja. Sababu yake ni kwamba mtoto aliyepigwa nyumbani hadi kufa aliweza kuandikwa kuwa alianguka tu, kwa kuwa kila ofisi ilijua kipande chake peke yake. Mwaka 1991 jimbo la Missouri lilitunga sheria ya kuweka kamati ya namna hiyo katika kila wilaya. Mwaka 2018 Bunge la nchi nzima lilipitisha sheria ya kuyasaidia majimbo kwa fedha ili yachunguze vifo vya wazazi.

2. Kamati hufanyaje kazi?

Sheria za majimbo hazifanani zote, lakini kwa kawaida kamati huwa na madaktari, wakunga, wauguzi, wataalamu wa maradhi ya akili na watu wa ustawi wa jamii. Hutazama kifo cha mama tangu apate mimba hadi mwaka mmodi baada ya mimba kwisha. Jina lake huondolewa katika karatasi. Kisha huulizwa: Je, kifo kilitokana na uzazi? Kilisababishwa na nini? Kingaliweza kuzuiwa? Tufanye nini kisitokee tena?

3. Kwa nini mambo haya ni ya siri?

Muuguzi akijua kwamba maneno yake yatapelekwa mahakamani, atanyamaza. Kwa hiyo sheria huyalinda mazungumzo ya kamati. Lengo si kumtafuta mwenye kosa, ila kuitafuta njia iliyobomoka. Hata hivyo siri hii ina uchungu wake. Kamati hutoa taarifa ya jumla tu, na mume aliyefiwa huenda asiambiwe kamwe walichokiona juu ya mkewe.

4. Yaliyoonekana

Taarifa za majimbo 36 za miaka 2017 hadi 2019 zilionyesha kwamba katika kila vifo 100 vilivyotokana na uzazi, zaidi ya 80 vingaliweza kuzuiwa. Tena 53 vilitokea baada ya siku ya saba tangu kujifungua hadi kufikia mwaka mmoja. Baadhi ya sababu kubwa ni maradhi ya akili, kutokwa na damu na ugonjwa wa moyo.

Hapo sheria nyingine zikafuata. Huko Texas kamati iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Iliona kwamba wazazi maskini waliachwa bila bima ya serikali miezi miwili tu baada ya kujifungua, ikashauri muda uongezwe. Mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria ya kuufanya miezi 12.

5. Na sisi je?

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki pia, Wizara za Afya za Tanzania na Kenya zimeagiza vifo vya wazazi na watoto wachanga vichunguzwe. Lakini hospitali haiwezi kujua yaliyotokea nyumbani tusipoyasema. Sisi humlea mzazi siku arobaini, nayo ni desturi njema. Walakini siku ya arobaini na moja hatari haijaisha. Mzazi anayelia peke yake, anayevimba miguu au kukosa pumzi, apelekwe hospitali upesi, wala asiambiwe ni uchovu tu.

Kusema kwamba kifo kingaliweza kuzuiwa si kumkufuru Mungu. Ni kumheshimu aliyekufa, na kumlinda anayefuata.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, mama akifa nyumbani, nani hutoa habari?
2. Twawezaje kusema kweli bila kumwaibisha mkunga wala jamaa za marehemu?
3. Nani humtembelea mzazi baada ya siku arobaini?