Ombi Likishajibiwa: Mwongozo wa Shukrani na Uaminifu kwa Mkristo wa Kipushi

Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ulisimama. Ulikuwa ukichimbwa tangu 1924, kwanza na Union Minière du Haut-Katanga, baadaye na Gécamines, na kwa karibu miaka 70 zilitolewa chini ya ardhi tani zipatazo milioni 60 za mawe yenye zinki na shaba. Miaka kumi baada ya kusimama huko, mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines katika Katanga nzima waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ombi la kazi likawa ombi la kila nyumba. Liliombwa katika Misa, katika mikesha, na usiku wa manane na akina mama wasiokuwa na unga wa kesho.

Juni 2024 kiwanda kipya cha Kipushi, cha Ivanhoe Mines ya Kanada kwa ubia na Gécamines, kilitoa zinki yake ya kwanza. Kuna walioajiriwa, kuna waliopata wateja, kuna ambao majina yao hayakutokea kwenye orodha. Na mbali na mgodi, kila wiki kuna mtu katika mji huu anayejibiwa ombi lake: mtoto aliyengojewa miaka mingi, mgonjwa aliyeinuka kitandani, kijana aliyefaulu mtihani wa Serikali.

Makanisa yetu yanatufundisha sana kuomba. Tuna novena, tuna mifungo, tuna maombi ya siku 21. Kuhusu siku zinazofuata baada ya jibu tunafundishwa kidogo, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mfalme Hezekia aliponywa akiwa karibu kufa, lakini 2 Mambo ya Nyakati 32:25 inaeleza kwamba hakurudisha shukrani sawasawa na wema aliotendewa, kwa sababu moyo wake ulijiinua. Shukrani ni kazi ya mwaka mzima, na kazi hiyo ina utaratibu. Huu hapa.

1. Andika jibu kabla hujalizoea

Binadamu huzoea neema upesi. Chukua daftari, na siku hiyo hiyo uandike mambo manne: uliomba nini, tangu lini, limejibiwaje, na kwa mikono ya nani. Hilo la nne ni muhimu. Mungu hujibu kwa kutumia watu: jirani aliyekuambia kwamba wanapokea barua za maombi ya kazi, mwalimu aliyekutafutia cheti chako, muuguzi aliyekesha nawe, mwenye duka aliyekukopesha unga. Hao wote wako ndani ya jibu lako. Waendee mmoja mmoja uwaambie asante kwa kinywa chako, ndani ya mwezi wa kwanza.

2. Uponyaji uthibitishwe

Katika Luka 17, Yesu aliwaambia wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyemkagua mtu na kutamka kwamba amepona. Kwa hiyo Bwana mwenyewe hakuogopa ukaguzi. Ukihisi umepona, rudi hospitali ukapimwe. Usiache dawa za kisukari, za shinikizo la damu, za kifua kikuu wala za virusi vya UKIMWI kwa sababu umetoa ushuhuda. Daktari ndiye atakayekuambia uache au uendelee, na kumeza dawa hakupunguzi utukufu wa Mungu.

Kuna somo la pili hapo. Kati ya wale kumi alirudi kushukuru mmoja tu, Msamaria. Wale tisa hawakuwa waasi; walikwenda walikoagizwa. Walichokosa ni kurudi. Mtu anaweza kutimiza kila utaratibu wa kanisa na bado asirudi kwa aliyemponya.

3. Nadhiri: ahadi ni deni

Wengi huomba wakiwa wameahidi kitu: nitajenga, nitatoa mbuzi, nitamtumikia Mungu. Mhubiri 5 inatuonya kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa. Kama uliweka, mfuate Hana wa 1 Samweli 1. Alipompata Samweli alifanya mambo matatu yanayofaa kuigwa. Alimweleza mumewe, Elkana, naye akakubali. Aliweka muda: mtoto akishaachishwa ziwa. Na muda ulipofika alikwenda mwenyewe Shilo na sadaka mkononi, bila kusubiri kukumbushwa.

Fanya hivyo. Mweleze mwenzi wako uliahidi nini, pangeni tarehe, kisha tekelezeni.

Je, kama uliahidi kupita uwezo wako, au uliahidi jambo baya? Yeftha, katika Waamuzi 11, aliropoka nadhiri ikamletea msiba nyumbani mwake. Mungu hahitaji dhambi ili deni lilipwe. Torati yenyewe ilimkumbuka asiyeweza: Walawi 27:8 inasema maskini aliyeshindwa kulipa thamani ya nadhiri apelekwe kwa kuhani, naye amkadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa, kanuni ya 1196, inampa paroko mamlaka ya kuondoa nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki, mradi haki ya mtu mwingine isidhulumiwe. Kwa Waprotestanti, mwendee mchungaji wako na wazee wa kanisa, useme ukweli wote. Kosa ni kunyamaza na kujificha.

4. Siku ya shukrani kanisani

Ni desturi nzuri ya kwetu. Mama anaingia na beseni la unga kichwani, nyuma yake ndugu na majirani wenye kuku, mkaa na mafuta, wamevaa vitenge vya aina moja, kwaya inaimba, na kanisa zima linasimama kumpokea. Furaha ya mmoja inakuwa ya wote. Ihifadhini desturi hii, ila kwa masharti haya:

Usikope ili ushukuru. Katika 2 Wakorintho 8:12 Paulo anafundisha kwamba sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Kitenge cha mkopo na karamu ya mkopo vitageuza shukrani kuwa manung'uniko mwisho wa mwezi.

Usikubali kutozwa. Naamani aliponywa ukoma akataka kumlipa Elisha, na Elisha akakataa. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyemkimbilia mgeni yule ili apokee fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye (2 Wafalme 5). Mtumishi wa Mungu anayekutajia kiasi cha kulipa kwa sababu alikuombea anakwenda njia ya Gehazi. Katika Kanisa Katoliki, kanuni ya 945 inawahimiza mapadri kuadhimisha Misa kwa nia ya waamini, hasa maskini, hata wasipopokea chochote. Basi usiache kuomba Misa ya shukrani kwa kuona aibu ya mfuko mtupu.

Lisha asiye na uwezo wa kukulisha. Bukari ya siku hiyo imfikie pia mjane wa avenyu yenu na mtoto asiye na wazazi. Kumbukumbu la Torati 26, inapoeleza sadaka ya malimbuko, inataka mgeni na Mlawi washiriki furaha hiyo.

5. Ushuhuda usiojeruhi

Sema kweli tupu, kwa dakika chache: nilikuwa hivi, nikaomba, Mungu akatenda hivi. Usitaje siri za ndoa yako wala ugonjwa wa mtu mwingine bila ruhusa yake. Na ukumbuke kwamba kwenye benchi la nyuma ameketi mwanamke ambaye bado hajapata mtoto, na baba ambaye jina lake halikutoka. Ukisema ulipata kwa sababu imani yako ilikuwa kubwa, umewahukumu wote wawili. Sema ulipata kwa rehema. Ukimaliza, mtafute mmoja wao uanze kumwombea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Mkristo aliyeshiba juzi tu hana kisingizio.

6. Mshahara wa kwanza

Hapa ndipo shukrani hupimwa. Kabla fedha haijafika, keti na mwenzi wako, au na mzazi kama hujaoa wala kuolewa, muandike kwenye karatasi moja: madeni, chakula na kodi ya nyumba, ada ya watoto, sadaka, akiba, na msaada kwa ukoo. Kila mstari uwe na kiasi chake.

Anza na madeni. Zaburi 37:21 inamweka akopaye asiyelipa upande wa waovu. Yule mwenye duka wa kwenye daftari lako hawezi kusikia ushuhuda wako wa kanisani huku deni lake likiwa bado. Nenda kwake kwanza, hata kama utalipa kidogo kidogo. Kuhusu fungu la kumi, fuata mafundisho ya kanisa lako, lakini mpatane nyumbani, na isiwe sababu ya watoto kulala njaa. Akiba iwekwe mapema, hata kwa likelemba ya watu mnaoaminiana, maana mikataba mingi ni ya muda. Kwa ukoo, chagua jambo moja unaloweza kulibeba kila mwezi, kama ada ya mdogo wako mmoja, kuliko kuahidi kila anayebisha hodi.

Liko neno gumu ambalo lazima lisemwe. Kama kazi hiyo uliipata kwa kuhonga, au kwa cheti kisicho chako, usiifunike kwa Misa ya shukrani. Zakayo, katika Luka 19, alionyesha njia: aliahidi kuwarudishia wale aliowadhulumu. Zungumza na padri au mchungaji wako, uanze kutengeneza.

7. Uaminifu kazini

Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Kijana aliyelia kwa ajili ya kazi, akiipata, ataombwa siku moja afumbe macho: gari lipite, mafuta yapungue kwenye tangi, karatasi isainiwe. Kipushi iko mpakani na Zambia, na kila mpaka una majaribu yake.

Wakongomani tunaye wa kumtazama. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio mjini Goma, akifanya kazi katika ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa. Alipewa rushwa aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani. Akakataa, kwa kuwa kingewadhuru watu. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Alikuwa na kazi ambayo vijana wengi wa Kongo wanaiombea, akaishika kama mali ya Mungu. Wewe pengine hutaombwa damu. Utaombwa kufika kwa saa, kutosaini uongo, kutochukua kisicho chako, na kutomdai binti anayetafuta ajira kitu ambacho Mungu hakukudai wewe.

8. Usimwabudu aliyekupa mshahara

Wazee wa Katanga waliiona Gécamines kama baba na mama yao: ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika historia ya familia za wafanyakazi hao katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, na jina lake lenyewe linawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Tujifunze kutoka kwa maumivu hayo. Kampuni ni mwajiri. Itaajiri, na siku moja bei ya zinki ikishuka inaweza kupunguza watu. Kumbukumbu la Torati 8 iliwaonya Waisraeli juu ya siku watakapokula na kushiba, wajenge nyumba nzuri, kisha wamsahau Bwana. Kwa hiyo ratiba ya sala uliyokuwa nayo wakati wa shida isipungue sasa. Uliyekuwa ukifika kwenye shirika au kikundi cha maombi kila wiki, panga na zamu zako za kazi uendelee kufika.

Mkataba ukiisha, au mgonjwa wako aliyepona akiugua tena, hujapokonywa Mungu wako. Fungua daftari, usome ulivyotendewa, uombe tena.

Ndugu msomaji, wiki hii fanya mambo matatu tu. Andika jibu moja ambalo Mungu amekupa mwaka huu. Mwendee mtu mmoja aliyehusika ukamshukuru. Timiza ahadi moja uliyoiweka ukiwa na machozi. Anayeanza na hayo matatu ameanza vema. Anayeendelea nayo mwaka mzima ndiye aliyerudi kama yule Msamaria mmoja kati ya kumi.